Nafasi ya Milimita 0.08

Honda CG125 ya zamani hujitambulisha kwa sauti kabla haijaonekana. Ikipanda kilima kuingia Gitega nchini Burundi, abiria mmoja nyuma na gunia la maharage katikati, injini hutoa mpigo mzito, na juu ya mpigo huo husikika mgongano mwepesi wa chuma, wa kasi na usiobadilika. Mgongano huo ni haki yake. Ni skrubu ya roka inayovuka pengo la milimita 0.08 na kugonga kichwani mwa valvu, na injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hugongwa mara 50 kwa sekunde. Karatasi ya kawaida ya kuchapia haipiti kwenye pengo hilo.

Kuna fundi mzee Gitega ambaye nimekuwa nikimtembelea kila ninapopata nafasi, kwa sababu sijaona mtu anayesikiliza injini kama yeye. Hashiki spana kwanza. Anaomba walio karibu wanyamaze, anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha hedi, mpini anaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha anaacha injini izunguke taratibu. Kelele haimsumbui sana. Pikipiki iliyonyamaza ndiyo humfanya akunje uso.

Sababu yake ni ya kifizikia kabisa. Pengo likikua, injini hupiga kelele na kupungukiwa nguvu, lakini valvu bado inafunga. Pengo likiisha, valvu haifiki tena kwenye siti yake, na moto wa silinda hupita kwa nguvu kwenye upenyo uliobaki. Valvu ya eksosi hufanya kazi ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 600, na sehemu kubwa ya joto hilo haina pa kutokea ila kwenye ile pete nyembamba inapogusana na siti, katika muda ambao imefungwa. Ukiinyima mgusano huo, ukingo wake huanza kuliwa. Mwenye pikipiki hufurahi kwamba injini yake imetulia, halafu siku moja asubuhi anapiga kiki mpaka jasho linamtoka na haiwaki. Kwa injini hii, ukimya ni dalili ya ugonjwa, na mafundi wengi vijana hujifunza jambo hilo wakiwa wameshaunguza valvu ya mtu.

Milima nayo hufichua kila udhaifu. Gitega iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, zaidi ya 1,700. Katika kimo cha Gitega hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani, na nguvu ya injini imepungua nayo. CG125 ina nguvu za farasi 11 tu ikiwa mpya na ikiwa bondeni. Valvu inayovuja kidogo Dar es Salaam huenda isijulikane kwa miezi. Hapa inajulikana kwenye mwinuko wa kwanza.

Inafaa kueleza kwa nini injini hii, na si nyingine, ndiyo iliyobaki mikononi mwa mafundi wa aina hii. Katikati ya miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walitaka kujua pikipiki zao zinaishije katika nchi ambazo pikipiki ni chombo cha riziki. Wakakuta mizigo mizito kupita kiasi, oili isiyobadilishwa, na injini zenye kamu juu ya hedi zikifa mapema kwa sababu kamu ile hutegemea oili safi ifike juu kabisa. Jibu lao, lililoingia sokoni mwaka 1976, lilikuwa kurudi nyuma kwa makusudi: kamu ikashushwa chini karibu na kranki, ikaendeshwa kwa gia badala ya cheni, na mwendo wake ukapandishwa juu kwa fito mbili nyembamba za chuma, pushirodi. Kiwanda cha Honda mjini Manaus, Brazil, kilianza na pikipiki hiyo mwaka huohuo. Pakistan inaiunda mpaka leo. Wachina nao waliinakili injini hiyo kwa wingi, wakaipandisha ukubwa, wakaiweka hata kwenye pikipiki za matairi matatu za kubebea mizigo. Kwa hiyo fundi anayeijua CG ya mwaka 1980 anaijua pia sehemu ya kinachopita barabarani leo, ijapokuwa TVS na Bajaj za India, zenye kamu juu, ndizo zilizojaa vituo vya taksi-moto.

Jambo moja katika ubunifu wa injini hiyo hunipendeza kila nikilifikiria. Injini nyingi zina jino moja la kamu kwa kila valvu. CG ina jino moja tu kwa valvu zote mbili. Roka mbili ndogo za chini hulalia jino hilo kutoka pande mbili, na tofauti ya pembe zao ndiyo inayofanya valvu ya ingizo ifunguke kwa zamu yake na ya eksosi kwa zamu yake. Kwa fundi anayefikiri, huo ni ushahidi wa bure. Pengo likikua upande mmoja tu, atatafuta tatizo juu: skrubu, roka, pushirodi ya upande ule. Yakikua yote mawili, na yakiendelea kukua kila baada ya kurekebishwa, macho yake hushuka chini kwenye jino la kamu lenyewe. Mzee wa Gitega hufikia uamuzi huo akiwa amefungua kifuniko tu, kabla hedi haijatoka.

Hedi ikitoka, kazi hupungua kasi. Springi hubanwa kwa kibano, loki mbili ndogo za kila valvu hutolewa kwa ncha ya sumaku na kuwekwa kwenye kifuniko cha chupa. Halafu inafika hatua ambayo mwenye haraka huharibu kila kitu. Ncha ya valvu, baada ya kugongwa mamilioni ya mara, huwa imepanuka ukingoni kama uyoga. Ukiisukuma itoke hivyohivyo, ukingo ule hukwangua gaidi yake, yaani bomba linaloishika, njia nzima, na gaidi iliyokuwa nzima inakuwa mbovu kwa sekunde mbili. Mzee huipitisha kidole, akisikia ukingo anachukua jiwe la kunolea na kuulainisha pole pole mpaka valvu itoke kwa uzito wake yenyewe. Hakuna mteja anayeona hatua hiyo wala anayelipia.

Vitu vyote hutandazwa juu ya gazeti, ingizo upande mmoja, eksosi upande wa pili, na havichanganywi, maana kila kimoja kimezoeana kwa miaka na mwenzake. Pushirodi huviringishwa juu ya kipande cha kioo cha dirisha: ikicheza, imepinda. Springi husimamishwa kando ya springi mpya, na iliyofupika haijadiliwi. Skrubu za roka hutazamwa kwenye jua. Uso wa skrubu iliyochoka huwa umechimbika kidimbwi kidogo, na kidimbwi hicho ni cha hatari kwa namna ya kipekee, kwa kuwa fila ya kupimia pengo ni bamba bapa: hupita juu ya kidimbwi bila kukiingia, ikakuambia pengo ni 0.08 wakati kwa kweli ni kubwa zaidi. Fundi anaweza kurekebisha pengo mchana kutwa kwa kipimo sahihi na bado akapata jibu la uongo.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya kuamua, na kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya ufundi huu. Kitu gani kinarudishwa, kitu gani kinatupwa? Nilimsikia kijana wa taksi-moto akimwuliza, "Mzee, si tununue tu hedi mpya nzima?" Akamjibu bila kuinua kichwa, "Ukiileta, kijana wangu, nitaifungua kwanza kabla ya kuifunga." Alimaanisha hivyo. Hedi za bei nafuu zinazokuja zimekamilika ndani ya boksi mara nyingi valvu zake hazijakaa sawasawa kwenye siti, na anayezifunga bila kuzikagua amenunua ubovu mpya kwa fedha nzuri.

Kanuni yake, kwa nilivyoielewa, haina ubahili. Springi iliyofupika, loki iliyolika, valvu ambayo mguu wake umepungua unene: hivyo vinatupwa, hata kama mteja analia. Valvu ikikatika shingo ikaanguka juu ya pistoni, hakuna kitu cha kuokoa tena. Lakini siti yenye vidoa vyeusi, skrubu yenye kidimbwi kifupi, roka ya chini iliyopauka bila kuchimbika, hedi yenyewe ya aluminiamu, hivyo vina maisha ndani yake, na kuvitupa ni uvivu. Chuma cha skrubu na roka kina ngozi ngumu juu na nyama laini ndani. Ukiisugua ngozi kidogo kwenye jiwe la mafuta, inarudi kung'aa na kudumu. Ukiipita ngozi, umebaki na nyama ambayo itachimbika upya kabla ya mwezi kuisha. Namna ya kujua umefika wapi haiandikwi popote. Ipo kwenye mkono, katika jinsi jiwe linavyoteleza au linavyoanza kung'ata.

Kisha inakuja kazi ya kupekecha valvu. Wafanyakazi wa karakana zenye mashine watasema siti ikishakatwa kwa pembe ya nyuzi 45 na valvu ikasagwa kwa pembe hiyohiyo, kupekecha ni uhakiki tu. Wana haki. Lakini pale ambapo mashine ya kukata siti haipo, mkono ndio mashine, na nimekaa kumtazama mzee akifanya kazi hiyo kwa muda ambao wengine wangeuita wa kupotea.

Anapaka pesti ya kusagia kwenye ukingo wa valvu, vidoa vichache tu, kwa sababu pesti ikizidi hushuka kwenye gaidi na kula kisichotakiwa kuliwa. Kijiti chenye mpira wa kunyonya hushika uso wa valvu. Anakiweka kati ya viganja, anapekecha mbele na nyuma, mizunguko mifupi, bila kukandamiza. Mwanzoni sauti huwa ya mchanga, ya kukwaruza. Kila baada ya muda anainua valvu, anaigeuza kidogo, anairudisha mahali pengine, ili chembe za pesti zisichonge mfereji mmoja. Sauti hulainika. Ikifika mahali ambapo inasikika kama pumzi tu, anafuta, anatazama, na kuhamia pesti laini. Kinachotafutwa ni pete moja ya kijivu, isiyo na mng'aro, isiyokatika popote kwenye mzingo, yenye upana wa milimita moja na kidogo. Ikiwa nyembamba mno, joto halitapata njia ya kutosha ya kutokea. Ikiwa pana mno, nguvu ya springi husambaa na masizi hukaa humo.

Ugumu ni kujua pa kuacha. Kila mpekecho hula chuma, na valvu huzama kidogo ndani ya hedi. Doa refu la kuungua haliondoki kwa kupekecha. Anayelikimbiza kwa pesti atazamisha valvu mpaka iharibike yote. Nimemwona mzee akiacha doa dogo la nje, lisiloifikia pete, na kusema hilo halina kosa. Mwanafunzi wake alitaka kuendelea. Hakuruhusiwa.

Baada ya hapo ni kuosha, na kuosha tena, kwa mafuta ya taa kisha kwa maji ya moto na sabuni, maana chembe moja ya pesti ikibaki kwenye gaidi itaendelea kusaga pikipiki ikiwa njiani. Halafu jaribio la mwisho: valvu hufungwa na springi zake, hedi hupinduliwa, mafuta ya taa humiminwa kwenye tundu la eksosi, na watu wanasubiri. Unyevu ukitokeza kuzunguka valvu, kazi inaanza upya. Petroli ingefaa zaidi kwa jaribio hilo kwa wepesi wake, lakini Burundi imepitia uhaba mkali wa mafuta miaka hii, na hakuna anayemwaga petroli kwa majaribio. Uhaba huo una mkono wake pia katika ugonjwa wenyewe: petroli ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa haiungui vizuri, huacha masizi, na masizi hukaa mahali palepale ambapo pete ya kijivu inatakiwa kuwa.

Wapo wazee wanaosema petroli ya zamani ilikuwa rafiki wa valvu. Kwa pikipiki kongwe zaidi, zile za Uingereza za miaka ya 1950 zenye hedi ya chuma cha kusubu, wanasema kweli: risasi iliyokuwa ndani ya petroli iliacha utando uliokinga siti laini zisimomonyoke. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, kwa sababu risasi huharibu ubongo wa watoto, na ilikuwa sahihi kuiacha. CG haikudhurika. Siti zake ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa ndani ya aluminiamu.

Muyinga kazi hiihii ina sura nyingine. Mji uko karibu na mpaka wa Kobero, ng'ambo yake ni Kabanga wilayani Ngara, na barabara ipitayo hapo huleta shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam. Kiswahili hapo ni lugha ya soko na ya gereji, na spea za Tanzania hufika upesi zaidi kuliko Gitega. Mtu angetarajia kwamba wingi wa spea ungeua ufundi. Kwa kiasi fulani umefanya hivyo. Wapo wanaofungua na kufunga tu. Lakini fundi mmoja kijana niliyemkuta huko ameusukuma ufundi upande wa pili, kwenye kuchagua na kutengeneza. Valvu ya eksosi haiingii mkononi mwake bila kupimwa kwa sumaku. Kichwa cha valvu nzuri ya eksosi kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma kisichovutwa na sumaku, kinachostahimili joto. Ikinasa kwa nguvu anairudisha dukani, hata kama boksi lina jina kubwa.

Na gaidi anazikereza mwenyewe umeme ukiwepo. Gaidi ni bomba fupi ambamo mguu wa valvu, wenye unene wa karibu milimita 5.5, hupanda na kushuka. Ikipanuka kwa sehemu chache za mia za milimita, valvu huyumba, hupiga siti pembeni, na oili hupenya na kuungua kwa moshi wa bluu. Yeye huchukua bushi kuukuu la bronzi kutoka kwenye lori, analiweka kwenye mashine ya kukereza, na kutoa gaidi mbili. Shaba ya njano ya kawaida hataki kuisikia, kwa kuwa ni laini mno kwa joto la pale. Kuiingiza gaidi kunahitaji hesabu: lazima iwe nene kidogo kuliko tundu, ndipo ishike. Hedi hupashwa moto juu ya jiko la mkaa mpaka tone la maji likiangukia hukauka papo hapo kwa kuchemka. Aluminiamu yenye tundu la milimita 10, ikipanda joto kwa nyuzi 100, hupanua tundu hilo kwa takriban milimita 0.02. Hiyo ndiyo nafasi yote anayopewa, na inadumu sekunde chache. Gaidi inaingia kwa mapigo mawili matatu ya nyundo juu ya fimbo iliyonyooka, au inakwama na kuharibika.

Kinachonivutia kwake ni utaratibu anaoufuata baadaye. Gaidi ikibadilishwa, mstari wa katikati wa valvu umehama, hata kama jicho halioni. Kwa hiyo siti lazima ikatwe upya kwa kufuata gaidi mpya, na kupekecha kuje mwisho. Anayepekecha kwanza amefanya kazi ya bure. Nimeona gereji zenye vifaa vingi kuliko vyake zikikosea mpangilio huo.

Kufunga ni kazi fupi. Pushirodi hurudi kila moja mahali pake, oili hupakwa kila panapogusana chuma kwa chuma, kranki huzungushwa mpaka alama ya T kwenye gurudumu la sumaku ilingane na alama ya injini, na fundi hutikisa roka zote mbili kuhakikisha ziko huru, kwamba pistoni iko juu kwenye mgandamizo na si kwenye kutoa moshi. Injini iwe baridi kabisa. Fila ya 0.08 inaingia, skrubu inashuka mpaka bamba livutike kwa uzito mdogo, nati inakazwa. Nati ikikazwa huivuta skrubu, basi fila inaingia mara ya pili. Mzee wa Gitega huipitisha na mara ya tatu.

Kwako wewe mwenye pikipiki ya namna hii: oili yake ni kama lita moja tu, na chujio lake la waya halizuii kila kitu, kwa hiyo ibadilishe mapema, kabla haijawa nyeusi. Mapengo ya valvu yapimwe asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Baada ya valvu kufanyiwa kazi, irudishe kwa fundi ukimaliza kilomita 500 za kwanza, maana siti mpya hukaa na pengo hupungua. Ikinyamaza ghafla, usisubiri ipande kilima kingine. Na fundi akikuambia kazi itachukua siku mbili, mwachie hizo siku mbili, na umlipe zote.